Bwana Mifugo Aliyepasua Migongo ya Mbwa

Alichukua koleo dogo la chuma, akambana mbwa wangu kidole cha mguu wa nyuma, akakaza mpaka mimi mwenyewe nikafumba macho. Mguu ukajivuta kidogo. Nikapiga kelele kwa furaha, "Umeona? Mguu una uhai!"

Akabana tena kidole kile kile.

"Usitazame mguu, Mama Rahabu," akasema. "Mguu unaweza kujivuta wenyewe hata kama umekwisha kuachana na kichwa. Tazama uso."

Nikatazama uso. Mbwa aligeuza shingo polepole, akautafuta ule mkono uliokuwa ukimwumiza, akatoa meno, akalia. Basi yule mtu akalegeza koleo, akakaa chini kwenye vumbi la ua wangu na suruali yake safi ya kaki.

"Amesikia," akasema. "Habari inafika kichwani, ila inafika kwa shida. Kuna kitu kinambana ndani. Nitampasua nikitoe."

"Utampasua wapi?"

"Mgongo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Hapo kijijini kwetu Isansa tulikuwa na watu waliokufa kwa tumbo tu, wakibebwa kwa machela kwenda hospitali ya misheni na kufia njiani. Na huyu mtu alikuwa ameketi mbele yangu akisema atapasua mgongo wa mbwa, kwa sauti ile ile ambayo mtu angesema atachonga mpini wa jembe. Nilirudi nyuma hatua mbili. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka tu kwamba nilimfunika mbwa wangu kwa kanga, kama mtoto anayefichwa asionwe na mtu mbaya.

Sitalitaja jina lake. Tangu alipokuja mpaka alipoondoka sote tulimwita Bwana Mifugo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtu wa serikali wa josho la ng'ombe, na jina lake la kanisani nililisikia mara moja tu. Watu walisema kwao ni upande wa Itumba, milimani. Nilichojua kwa hakika ni kwamba alikuwa ametoka vitani, kule Bama kwenye vita vya Wajapani, ambako alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, aliyebeba majeruhi na kuwasaidia madaktari kwenye mahema yao. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Aliendesha baiskeli vibaya sana. Kila mtu wa Isansa aliwahi kumwona ameanguka kwenye mtaro, naye huinuka, hujipangusa, huendelea bila kutazama kama kuna aliyemwona.

Hakuwa mtu wa kupendeza. Huo ndio ukweli, na wanaomkumbuka leo kwa sifa tupu wamesahau. Sikupata kumsikia akimwambia mtu "pole". Mtu akimweleza ng'ombe wake ameharibu mimba, yeye huuliza ni mwezi wa ngapi, na majani gani alikula. Ukimwambia unavyofikiri, hukukatiza: "Sikukuuliza unafikiri nini. Umeona nini?" Wazee walichukia. Mzee mmoja wa kanisa alisema mtu huyo alifundishwa adabu na ng'ombe.

Mwalimu wa shule ya misheni alikuwa na mbwa mwekundu aliyempenda kuliko kitu chochote. Mbwa huyo alianguka kutoka kwenye ukingo wa mto akavunjika mgongo, na huyo ndiye wa kwanza kupasuliwa na Bwana Mifugo. Alikufa kabla hajaamka. Mwalimu alikuwa anasubiri nje. Bwana Mifugo alitoka na mikono yake yenye damu, akamwambia, "Nimemuua mimi. Dawa ya usingizi ilizidi. Mfupa niliupata vizuri, lakini dawa ilizidi." Mwalimu hakuzungumza naye tena. Ningekuwa mimi, sijui ningefanya nini. Watu wengi mahali pake wangesema ni kazi ya Mungu, na mwalimu angelia na kupokea.

Lakini kabla ya kisu tulimjua kwa bunduki.

Mwaka ule kichaa cha mbwa kiliingia kutoka upande wa Rhodesia, kikapita Tunduma, kikapanda mpaka kwetu. Mtoto mmoja wa Igamba aling'atwa akafa kifo ambacho wazazi wake hawakuweza kukisimulia. Ikatoka amri ya Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, kwamba mbwa yeyote asiyefungwa apigwe risasi, na mwenye kupiga akawa Bwana Mifugo. Alitembea kijiji hadi kijiji na tarishi mmoja aliyebeba daftari. Kilichotutia hofu ni ile desturi yake. Akimwona mbwa hajafungwa, husimama, humwita mwenye mbwa, huuliza, "Anaitwa nani?" Mwenye mbwa hutaja jina akidhani labda jina litamwokoa. Tarishi huandika. Kisha Bwana Mifugo husema, "Simameni nyuma yangu," na bunduki inalia.

Nilimwona akifanya hivyo kwa jirani yangu, Bibi wa Kisimani, tuliyemwita hivyo kwa kuwa nyumba yake ilikuwa juu ya kisima. Alikuwa mzee, amezika watoto wake wote, na alikuwa na mbwa mmoja wa madoa aitwaye Chui. Chui alikuwa amekata kamba asubuhi ile ile. Kipande cha kamba kilikuwa bado shingoni.

"Anaitwa nani?"

"Chui, baba. Ni mpole. Tazama, ana kamba. Imekatika sasa hivi."

"Chui," akasema Bwana Mifugo kumwambia tarishi. Tarishi akaandika. "Bibi, simama nyuma yangu."

Nilikuwa na mtungi kichwani. Bunduki ilipolia, mtungi ukaanguka ukapasuka miguuni pangu, na sikuinama kuokota vigae. Bibi hakulia. Alimtazama tu, mdomo wazi, huku Bwana Mifugo akimfunga Chui kwenye gunia na kumpakia nyuma ya baiskeli.

Ndipo maneno yakaanza. Mbwa wengine waliopigwa walizikwa huko huko, lakini baadhi yao walipelekwa josho, na hakuna aliyeona kaburi. Usafi wa mtu yule ukaanza kutajwa vibaya, kwamba ananawa mikono mara nyingi kwa kuwa kuna kitu anataka kukitoa mikononi. Ghala la josho lilikuwa na kufuli. Wanawake waliopita pale walisema wanasikia msumeno.

Jumapili moja baada ya ibada, wanaume wakaenda kulivunja. Nasi tulifuata. Jumbe alikuwepo, na mzee wa kanisa, na Bibi wa Kisimani akitembea na fimbo yake. Kufuli lilikatwa kwa shoka. Mlango ulipofunguliwa aliyekuwa mbele alirudi kwa kasi akamkanyaga jumbe.

Juu ya waya zilizofungwa kutoka ukuta huu hadi huu ilining'inia migongo. Migongo mitupu ya mbwa, iliyochemshwa na kusafishwa mpaka ikawa myeupe, kila pingili imeshikwa na nyenzake kwa waya mwembamba. Ilikuwa zaidi ya ishirini. Upepo ulioingia mlangoni uliigonganisha, ikatoa sauti kama ya watu wanaotingisha vijiti. Kwenye kila mgongo kilifungwa kibao kidogo cha mbao, na kila kibao kina jina.

Mwalimu wa shule ndiye aliyesoma kwa sauti, kwa kuwa wengi hatukujua kusoma. "Simba. Tumwone. Askari. Hasira." Kisha akasoma, "Chui."

Nilimtazama Bibi. Aliketi chini palepale kwenye mlango, miguu imenyooka mbele.

Watu wakapiga kelele kwamba ni uchawi, ghala lichomwe na yeye ndani. Mtu alikuwa ameshaleta kijinga cha moto. Bwana Mifugo akatokea na baiskeli, akaanguka kama kawaida yake, akainuka, akapita katikati ya watu mpaka mlangoni. Sitasahau kwamba hakuna aliyemgusa. Nadhani tuliogopa sana kumgusa.

Bibi akamwambia, "Umemning'iniza mbwa wangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Hukutosheka na kumuua?"

"Nilimuua kwa amri," akasema. "Nikaona asife bure. Mbwa akivunjika mgongo hakuna anayejua kumtibu hapa. Ng'ombe hakuna. Hata mtu. Huko vitani nilisaidia daktari aliyekuwa anajua, lakini niliona mara chache, na nilikuwa nimeshika taa tu. Nataka nijue njia ya kuingia bila kuukata uhai. Nimejifunza kwa hawa."

"Na majina ni ya nini?"

"Ni yao," akasema.

Kijinga cha moto kilikuwa kinatoa moshi mikononi mwa aliyekileta. Kisha Bibi akasema, "Mshushe nimwone."

Akamshusha Chui, akamlaza mapajani mwa Bibi, akachuchumaa mbele yake kwenye uchafu, na mbele yetu sote akaanza kumwonyesha kwa kidole. Kwamba uti wa mgongo ni pingili, kama za muwa. Kwamba kila pingili ina tundu, na matundu yakipangana yanafanya bomba, na ndani ya bomba inapita kamba laini ya fahamu, na kamba hiyo ndiyo inayobeba habari kati ya kichwa na miguu. Mfupa ukivunjika na kuiangukia, habari hukatika. Bibi alipitisha kidole chake kilichojikunja kwenye kila pingili ya mbwa wake, mpaka mkiani. Kisha akamrudishia.

"Nendeni nyumbani," Bibi akatuambia. "Moto wa nini?"

Tukaenda. Lakini mimi usiku ule sikula, na kwa miezi mingi nilipita njia ya mbali ili nisipite josho.

Sasa niseme kwa nini nilimruhusu mtu huyo huyo amguse mbwa wangu.

Mume wangu alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, akaniacha na binti yetu Rahabu na shamba la kahawa na mahindi lililopakana na msitu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alilitaka shamba lile. Hakulitaka kwa matusi. Alikuja kila msimu, akavua kofia, akasema kwa upole kwamba mwanamke peke yake hawezi kuzuia nguruwe pori, kwamba mahindi yataliwa, tutakufa njaa na aibu itakuwa ya ukoo. Jumbe alikuwa amesema tuone mavuno. Nikivuna, nibaki. Nisipovuna, shamba lirudi kwa ndugu.

Nilikuwa na mbwa jike, mweusi, masikio yamechanwa na nguruwe. Nilimpa jina Nimebaki, ili kila nikimwita shemeji asikie. Mbwa huyo alilinda shamba kuliko wanaume wawili. Na mahindi yakiwa yameanza kutoa nywele, gari la kuchukua kahawa lilimgonga barabarani. Nilimkuta anajikokota kwa miguu ya mbele, ile ya nyuma inaburuta kama nguo iliyolowa. Shemeji alikuwa amesimama kando ya njia. Akasema, "Pole, shemeji. Mmalize tu," na nikaona machoni mwake hesabu ya shamba langu.

Nikamtuma Rahabu josho.

Alipofika na koleo lake na kuniambia atampasua mgongo, nimeshasema, nilirudi nyuma. Alisubiri. Kisha akaniambia maneno ambayo sikuwa nimemsikia akimwambia mtu. "Wa kwanza alikufa. Wa pili aliishi lakini hakutembea. Huyu ni wa tatu. Sikuahidi kitu."

"Serikali imekuruhusu?"

"Niliandika barua Mbeya. Jibu lilisema mbwa wa namna hii apigwe risasi."

"Na wewe?"

"Leo sikuja na bunduki."

Tuling'oa mlango wa jikoni, tukamlaza Nimebaki juu yake, akamfunga kwa vitambaa kifuani na nyongani asijipinde hata kidogo. Watu wanne walibeba ule mlango mpaka josho, na yeye akitembea kando akifoka kila mtu alipoteleza.

Asubuhi yake alichemsha vyombo vyake kwenye sufuria, akanawa mikono mpaka viwikoni kwa sabuni na maji ya moto, akaninawisha na mimi. Alinipa kopo lenye kitambaa na chupa ya dawa ya usingizi. "Tone moja, hesabu mpaka kumi, tazama kifua. Kikipungua, sema. Usingoje nikuulize. Kwa mbwa wa mwalimu sikuwa na mtu wa kutazama kifua."

Nilisimama kichwani pa mbwa wangu na kopo lile. Alinyoa mgongo kwa wembe, akapaka dawa ya kahawia, akakata. Alisukuma nyama pembeni kulia na kushoto, na nikaona mifupa ile niliyoiona imening'inia, safari hii ikiwa na damu na joto. Pingili moja ilikuwa imepasuka na kipande chake kimezama ndani. Akachukua koleo lenye meno akaanza kuung'ata mfupa wa juu, punje kwa punje, kama mtu anayemenya yai akiogopa kugusa ute. Alikuwa anahema kwa mdomo. Jasho lilimdondoka puani, akaniamuru nimfute kwa bega langu maana mikono yangu ilikuwa na kopo.

"Kifua," nikasema.

"Acha matone."

Tukangoja. Kifua kikarudi.

Kisha akaondoa kile kipande, na chini yake damu nyeusi iliyoganda kama ini, akaiosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Na hapo niliona kitu ambacho sikuumbwa nikione. Kamba nyeupe, nyembamba kuliko kidole changu kidogo, imebonyea na kupauka pale ilipokandamizwa. Tukaitazama wote wawili. Polepole rangi ikaanza kuirudia. Kisha ikatikisika, kidogo sana, ikatulia, ikatikisika tena kwa kufuata moyo.

"Inapiga," akasema. "Mama Rahabu, inapiga."

Nilitaka kukimbia. Sikuwa na furaha yoyote, nasema kweli. Nilihisi tumefungua mlango ambao Mungu alikuwa ameufunga mwenyewe, na kwamba anatutazama.

Tulianza jua linachomoza, tukamaliza likiwa utosini.

Kazi iliyofuata ilikuwa yangu. Alinionyesha jinsi ya kumbonyeza tumbo kwa vidole bapa mara tatu kwa siku ili mkojo utoke, kwa kuwa mwenyewe hakuweza. Kumgeuza ubavu ili asiote vidonda. Kumlaza kwenye maganda makavu ya mahindi. Alikuja kila jioni na baiskeli yake, akabana kidole, akatazama uso, akaondoka bila kunywa hata maji. Usiku mimi na Rahabu tulikesha shambani tukipiga madebe kufukuza nguruwe.

Siku ya kumi na mbili Nimebaki alikojoa mwenyewe, na mimi nikakaa karibu na mkojo ule nikalia. Wiki ya tatu mkia ulitikisika. Halafu tukaanza kumtembeza kwa kanga iliyopitishwa chini ya tumbo, mimi nimeinama nyuma yake kama kichaa. Wiki ya sita, asubuhi ya ukungu, shemeji alikuja kuyaangalia mahindi kama ilivyokuwa desturi yake. Nimebaki alimsikia. Akajivuta, akasimama kwa miguu minne, wa nyuma mmoja umepinda, akamwelekea akibweka.

Shemeji aliiacha kofia yake ikaanguka. "Huyu mbwa alikufa," akasema. "Nilimwona. Alikufa nusu." Akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, na kofia ikabaki kwenye matuta yangu. Nilivuna msimu ule. Jumbe akasema nibaki.

Habari zilifika Mbeya. Mzungu wa mifugo, mkubwa wa Bwana Mifugo, alikuja na gari lake, mtu mwekundu wa uso, amekasirika kuhusu dawa ya serikali iliyotumika kwa mbwa. Alifungua daftari kwenye ua wangu tayari kuandika. Nimebaki akapita mbele yake akichechemea kwenda kunywa maji. Mzungu alipiga goti moja, akapitisha mkono kwenye kovu, akauacha pale. Hakuandika kitu. Mwishowe akauliza kwa Kiswahili chake, "Nani alikufundisha?"

Bwana Mifugo akampeleka ghalani, akawasha taa, akamwonyesha waya.

"Hawa," akasema.

Alipotoka mle mzungu yule uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilimwona kwa macho yangu. Alimshika Bwana Mifugo mkono, jambo ambalo wazungu hawakulifanya sana. Lakini mwezi haukuisha barua ikaja kutoka Mbeya ya kumhamisha, na ndani yake imeandikwa kwamba asipasue tena mnyama yeyote bila kibali. Sisi tulioitisha moto kwa ajili yake siku ile tulishangaa tena, safari hii kwa upande mwingine. Bibi wa Kisimani alimtukana mzungu ambaye hakuwepo, kwa Kinyiha chetu, kwa muda mrefu. Bwana Mifugo mwenyewe alifunga mizigo yake, akaizika migongo yote nyuma ya josho na vibao vyake, akapanda baiskeli. Hakuja kuniaga. Niliona vumbi tu.

Niliishi miaka mingine sita bila kumwona.

Rahabu aliolewa Chapwa, karibu na Tunduma, nami nikawa naenda kumsaidia kila alipojifungua. Siku moja ya masika nilikuwa natoka sokoni mpakani na mzigo wa maharage, nikasikia mshindo na kelele. Lori lililobeba vijana waliokuwa wanarudi kutoka migodi ya shaba lilikuwa limepinduka kwenye mteremko. Wengi walikuwa wameumia mikono na vichwa, wanakaa na kusimama. Mmoja alikuwa amelala chali kwenye matope, macho wazi, hasogei chochote. Wenzake wawili walikuwa wamemshika, huyu kwapani, huyu miguuni, wanataka kumnyanyua.

"Mwacheni! Mwacheni chini!"

Sauti ile niliijua kabla sijamwona. Alikuja akikimbia kutoka kituo cha kukagua ng'ombe wanaovuka mpaka, kichwa kimekuwa na mvi, akajitupa kwenye matope magotini akakishika kichwa cha yule kijana kwa mikono yote miwili, huku na huku, viwiko vimetulia chini.

"Mukwai, tumpeleke hospitali," mmoja wa wenzake akasema huku analia, akimwita "bwana" kwa neno la heshima la huko migodini. "Anakufa."

"Ataenda. Leteni mlango. Mlango wowote. Mkimnyanyua hivyo mtamwua nyinyi." Kisha bila kugeuka akasema, "Mama Rahabu, vua kanga, zipasue vipande."

Sijui alinionaje. Nilizipasua.

Watu wa Chapwa walikwisha kukusanyika, na sifa zake za Isansa zilikuwa zimemfuata. Mtu akasema kwa sauti, "Huyu ndiye anayepasua migongo! Mpasue, Bwana Mifugo! Mwokoe!" Wengine wakaitikia. Mwenzake kijana yule akamshika Bwana Mifugo bega akamsihi, "Mpasue, mukwai, kama mbwa. Tafadhali."

Nilimwona akifumba macho. Nilifikiri atakubali. Mungu anisamehe, nilitaka akubali.

"Mbwa niliwaua ishirini na kitu ndipo nikajua," akasema. "Huyu ni mtoto wa mtu. Nitamshika, basi. Kupasua wapo wenye kujua."

Tulimfunga kwenye mlango wa duka. Lori la mfanyabiashara mmoja likatuchukua, mimi nikapanda kushika mwavuli maana mvua ilikuwa inanyesha. Barabara ile ilikuwa mawe na mashimo mpaka hospitali ya misheni, na gari lilikwenda polepole kuliko mtu wa miguu. Muda wote Bwana Mifugo alilala kifudifudi kwenye bodi ya lori, kichwa cha kijana mikononi mwake, na kila tulipoingia shimoni mwili wake ndio uliorushwa ukapigwa, mikono haikusogea. Alimsemesha njia nzima. Yeye asiyejua kusema na watu! Alimuuliza jina lake, jina la mama yake, alichonunua huko migodini. Kijana alijibu kwa kunong'ona. Alikuwa amenunua blanketi la mama na cherehani ya mkono.

"Nitatembea, mukwai?"

"Sijui," akasema Bwana Mifugo. "Unanisikia, na kidole gumba chako kimesogea sasa hivi. Hilo nimeliona. Mengine sijui."

Tulifika giza limeingia. Daktari akatoka na taa, akachungulia, akapima, akauliza nani aliyemfunga na kumshika namna ile. Nikamwonyesha. Akamtazama yule mzee aliyeloa matope, akataka kusema kitu, akaacha, akaamuru kijana aingizwe ndani. Kijana yule aliishi. Mikono ilimrudia. Miguu haikurudi, na aliishi kwao akishona nguo za watu kwa ile cherehani, nimesikia hivyo kwa watu wa mpakani.

Lakini saa ile hatukujua. Muuguzi alikuwa ameshika kichwa cha kijana kwa upande wake, akasema, "Achia sasa, mzee, tumempata." Bwana Mifugo hakuachia. Muuguzi akasema tena. Ndipo nikaelewa kwamba hawezi. Vidole vilikuwa vimekakamaa katika umbo lile la kichwa, na ikabidi muuguzi mwingine amfungue kidole kimoja kimoja.

Walimwingiza kijana, mlango ukafungwa, tukabaki barazani mimi na yeye. Mikono yake ilibaki hewani mbele ya kifua, imejikunja, imeshika kitu kisichokuwepo. Muuguzi akaleta chai kwenye kikombe cha bati. Alijaribu kukipokea mara mbili, vidole vikakataa. Akanitazama kwa mshangao mkubwa, kama mtu anayemwona mgeni ndani ya nyumba yake.

Nikakichukua kikombe, nikakipuliza, nikampelekea mdomoni.